Kisanduku cha Saba

Fomu ilikuwa na visanduku kumi na viwili.
Sita vya kwanza nilivijaza chai haijapoa:
Eirlys Pugh, miaka arobaini na saba,
mjenzi wa kuta za mawe, kaskazini mwa Wales,
namba ya simu ya mume wangu,
maana yangu ilizama kwenye tope la zizi.
Cha saba kikauliza: Vyeti.
Kikanyamaza, kikanitazama,
cheupe kama shuka la hospitali.

Shule niliiacha na miaka kumi na mitano,
mwezi Machi, siku ya mvua ya barafu,
baba alipovunjika nyonga
na ukuta wa mzee Bebb umefika magotini.
Mtu hauachi ukuta magotini.
Nilikwenda kuumaliza tu.
Nikaumaliza, ukaja mwingine,
ukaja mwingine.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Mimi nilijenga ukuta,
na ufa ukabaki ndani yangu.

Sasa niandike nini?
Kwamba jiwe la bluu hupasuka ukiligonga penye mshipa
na la kijivu hupasuka likitaka lenyewe?
Kwamba kuna shamba juu ya Bryn Du
ambako mawe yamebeba alama za kombe wa baharini,
wadogo kama kucha za mtoto,
nami miaka thelathini nimekuwa nikiwageuza
watazame ndani ya ukuta, wasipigwe na mvua,
huku nikijiuliza bahari ilipandaje huku mlimani
na ilipoondoka ilimuaga nani?
Kujiuliza hakutolewi cheti.

Binti yangu Lowri akasema,
"Andika hakuna, Mama, uendelee."
Nikaandika hakuna.
Nikalisoma. Nikaona ni uongo.
Nikalifuta mpaka karatasi ikachubuka,
nikaandika: Tazama nyuma.
Na nyuma, kwa herufi za mtu aliyezoea nyundo:
Kuta kumi na tisa zimesimama.
Mmoja ulianguka. Nilikosea msingi.
Niliujenga upya, sikudai malipo.

Wakaniita. Ghorofa ya tatu, watu wawili,
sahani ya biskuti ambayo hakuna aliyeigusa.
Zile kumi na tisa hawakuziuliza.
Dokta Prydderch, msichana kiasi cha kuwa mwanangu,
akasema, "Nieleze ule ulioanguka."

Nikamweleza.
Nilitumia biskuti, nikatumia kalamu zao,
nikatumia kasha la miwani la yule bwana kama jiwe la kona,
nikamwonyesha maji yanavyotafuta njia chini kwa chini,
jinsi udongo unavyovimba kwa baridi kisha ukasinyaa,
na ukuta hauanguki siku unapoanguka:
huwa umeanguka tangu vuli, ila hujajua.
Yule bwana alikuwa akiandika.
Nilipoinuka niliona damu kidogo mezani,
kidole gumba changu, ule mpasuko wa kila baridi.
Niliifuta kwa mkono wa koti.

"Na hesabu?" akaniuliza mlangoni.
Hapo ndipo nilipokosa biskuti.

Barua yao ina kurasa mbili.
Ya kwanza inasema ndiyo.
Ya pili inasema kwanza:
mwaka mmoja wa matayarisho, mtihani wa hesabu mwezi Juni,
ukishindwa, ndiyo yetu imekufa.
Niliipenda zaidi ya pili.
Ya kwanza ilinitisha.

Basi usiku huu nimekaa na daftari la zamani la Lowri,
pambizoni amechora farasi wenye miguu mitano.
Eksi, nimeelewa, ni pengo ukutani:
huchongi jiwe lake
kabla ya kuyapima majirani.
Nimepima. Nimechonga. Nimepata kumi na saba.
Majibu nyuma ya kitabu yanasema kumi na nne.

Upepo unasukuma dirisha. Chai imepoa tena.
Nabomoa mstari wa mwisho, kisha wa juu yake,
nashuka, jiwe kwa jiwe,
kutafuta msingi ulipokosewa.